Cherehani Haifichwi: Mali Unayobaki Nayo Ukitangazwa Mufilisi

Mama mmoja fundi wa nguo kutoka Kariobangi alikuja ofisini kwetu na mfuko wa plastiki uliojaa karatasi: barua za sacco (chama cha akiba na mikopo), risiti za vitambaa alivyokopa Eastleigh, jumbe za mikopo ya simu alizozinakili kwa mkono. Alitaka kuiomba mahakama imtangaze mufilisi, yaani mtu asiyeweza tena kulipa madeni yake. Tukiwa bado twazisoma, akanong'ona kwamba cherehani yake aliihamisha usiku kwa mkokoteni, iko kwa dada yake Umoja, imefunikwa leso. "Hiyo wakiichukua, watoto watakula nini?"

Hofu yake naielewa sana. Lakini alikuwa akificha kitu ambacho sheria imekwisha kumwachia, na kule kuficha ndiko kungemtia mashakani.

Anayeomba ufilisi huko mahakama ya Milimani, Nairobi, hutakiwa kuandika taarifa ya mali na madeni yake yote, asiache hata kijiko cha thamani. Amri ikishatolewa, mali yake huwa chini ya msimamizi, ambaye huiuza na kuwagawia wadai. Wadai wa kawaida, wasio na dhamana, nao husimamishwa, hawawezi tena kumwandama kila mmoja kivyake. Ila Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya Sura ya 53, haikukusudia mtu atoke mikono mitupu. Inamruhusu kubaki na vifaa vya kazi anavyovihitaji ili apate riziki, pamoja na vyombo vya nyumbani, samani na nguo zilizo za lazima kwake na kwa wanaomtegemea.

Neno la kushika hapo ni "lazima". Cherehani anayoishonea kila siku ni kifaa cha kazi. Cherehani sita ambazo mtu huwakodishia mafundi wengine ni biashara, na msimamizi ataziuliza. Kitanda, mablanketi, sufuria na jiko hubaki. Seti ya makochi ya sebule ya pili, sidhani.

Akiba ya uzeeni nayo ina ngao yake. Sheria ya Mafao ya Kustaafu inasema michango iliyo ndani ya mfuko wa pensheni haihesabiwi katika mali ya mwanachama aliyefilisika. Nimeona watu wakihangaika kutafuta namna ya kuitoa pensheni mapema ili walipe mkopo wa simu, na huwa nawasihi: iacheni hapo ilipo. Mali unayomshikia mtu mwingine kwa amana, kama pesa za chama cha kuchangiana zilizo mikononi mwa mweka hazina, pia si yako, mradi uweze kuonyesha kwa maandishi kwamba ni za chama.

Nyumba na shamba havina kinga ya namna hiyo. Hapa ndipo wengi hushtuka. Ukimiliki ploti Ruai kwa jina lako, itauzwa. Mkiimiliki wawili, fungu la mwenzako linabaki lake.

Halafu kuna dhamana, na hili ndilo linaloniuma zaidi kwa sababu watu hutia sahihi bila kusoma. Kitu ulichokiweka rehani umekwisha kukitoa mwenyewe. Ufilisi haumzuii mwenye dhamana kukifuata, kiwe hati ya shamba, kitabu cha gari, au hata friji iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Zinazohamishika ya mwaka 2017. Yule mama alipotoa mkataba wa sacco, tulikuta ukurasa wa tatu umeandikwa kama dhamana mashine yake ya ovaloki, ile ya kuzungushia kingo za nguo. Hakujua. Alikuwa ameficha kile ambacho kingebaki, na kukiacha dukani kile alichokwisha kukiweka rehani.

Hata asiyeomba ufilisi ana kinga. Mdai akishinda kesi na kutuma madalali wa mnada, Kifungu cha 44 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Madai kinawakataza kuchukua nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, vifaa vya kazi, na mapambo ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hatengani nayo. Theluthi mbili za mshahara haziguswi. Mkulima huachiwa mifugo ya thamani ya shilingi 10,000 za kwanza, kiasi ambacho leo hakinunui ng'ombe wa maziwa, na Bunge lingefanya vyema kukitazama upya.

Madalali wakija, kwanza huandika orodha ya vitu na kukuachia nakala, kisha una siku 7 kabla ya kubeba. Soma orodha hiyo mstari kwa mstari. Ukiona sufuria zako au kifaa chako cha kazi, peleka pingamizi mahakamani ndani ya siku hizo, usingoje mnada. Na wanachama wenzako wa kikundi cha mikopo hawana haki ya kuja kukubebea meko kwa sababu ya deni, ikiwa hukuyaweka dhamana na hawana amri ya mahakama. Mwenye nyumba anayedai kodi ana sheria yake, hiyo ni habari nyingine.

Mufilisi kwa kawaida huondolewa hali hiyo baada ya miaka 3 tangu awasilishe taarifa yake. Katika muda huo, hata urithi ukimfikia huenda kwa msimamizi. Na mali aliyowagawia ndugu kabla ya kufilisika inaweza kurudishwa.

Tulimwomba mama aende Umoja siku hiyohiyo. Cherehani ilirudi Kariobangi mchana, mbele ya majirani, na kwenye fomu akaiandika mwenyewe: "cherehani moja, ya kazi."