Utalii wa kulala kwa wenyeji: maana yake na unavyoendeshwa

Utalii wa kulala kwa wenyeji ni mpango ambao mgeni hulipa ili akae katika nyumba ya familia ya kijijini. Hupewa chumba, hula kinacholiwa na wenyeji wake, na akipenda huandamana nao shambani. Mpango huu ukiitwa wa kijamii, ina maana kwamba familia hazijitafutii wageni kila moja kivyake. Kijiji huunda kamati, nayo hupokea wageni, huweka bei moja na kuwagawa kwa zamu.

Hiyo zamu ndiyo roho ya mpango. Isipokuwepo, nyumba iliyo karibu na barabara, au yenye kijana anayejua lugha ya wageni, itajaa kila msimu huku majirani wakitazama tu, na chuki haitachelewa. Sirubari, kijiji cha Wagurung nchini Nepal kilichoanza kupokea wageni mwaka 1997, kinajulikana kwa utaratibu huu: wageni hulakiwa na kijiji, kisha kamati huamua nani alale kwa nani. Kanuni za Nepal za mwaka 2010 zinataka mpango wa kijamii uwe na nyumba zisizopungua 5. Malaysia iliitangulia Sirubari kidogo, ikizindua mpango wake mwaka 1995 huko Desa Murni, jimbo la Pahang, ila huko wizara ya utalii ndiyo iliyoshika usukani.

Sehemu kubwa ya malipo hubaki kwa familia, na sehemu huingia mfuko wa kijiji kwa ajili ya njia, maji au usafi. Kazi nyingi za kupika, kufua na kutandika huwaangukia wanawake, kwa hiyo kamati yenye wanaume watupu mimi siiamini sana, hata hesabu zake zikiwa safi.

Mtaji wake si mkubwa, kwa kuwa nyumba ipo tayari, ingawa choo kizuri na matandiko vinagharimu, na wapo wanaokopa. Tatizo ni kwamba wageni huja kwa msimu, na mwaka 2020 korona iliwazuia kabisa. Ndiyo maana pato hili hufaa kama nyongeza ya kilimo au ufugaji. Anayeacha kulima ili apokee wageni hulazimika kununua chakula cha kuwapikia, na faida yake huishia hapo.