Je, wajua kwa nini wimbo mmoja wa Japani ulisubiri wiki 130 ndipo ukashika namba moja?

Japani, wimbo ukishika namba moja kwa kawaida huishika wiki ileile unapotoka. Mashabiki wanakuwa wameshaweka oda, siku ya kwanza CD zinagombaniwa madukani, na wiki ya tatu watu wameshahamia kwenye kibao kingine. Sasa tazama hiki: kilitoka Julai 2000, kikashika namba moja kwenye chati ya Oricon, inayopanga nyimbo za Japani kwa mauzo, Januari 2003. Wiki 130! Kinaitwa "Chijō no Hoshi", yaani Nyota za Ardhini, na mtunzi wake ndiye mwimbaji wake, Miyuki Nakajima. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Nakajima alizaliwa Sapporo mwaka 1952, akakulia huko huko kisiwani Hokkaido, kaskazini kwenye theluji. Baba yake alikuwa daktari wa uzazi. Alianza kurekodi mwaka 1975, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshanyakua tuzo kuu ya tamasha la kimataifa la nyimbo katika ukumbi wa Budokan, Tokyo. Nyimbo zake anatunga mwenyewe, maneno na muziki, na nyingi za mwanzoni ni za mtu aliyeachwa na mpenzi, zinazochoma hasa. Ila ukimsikia redioni, ambako alitangaza kipindi cha usiku wa manane kuanzia 1979 hadi 1987, ni mtu wa vicheko na utani mtupu. Kwenye runinga ndiko hakuonekana kuimba, miaka nenda miaka rudi.

Mwaka 2000 shirika la utangazaji la NHK lilianzisha kipindi kiitwacho Project X, kikasimulia watu waliofanya makubwa baada ya vita bila majina yao kujulikana: wahandisi, mafundi, wachimbaji wa mahandaki. Nakajima ndiye aliyetunga wimbo wa kukifungulia. Humo anaongea na mbayuwayu. Wewe unayeruka juu, anamuuliza, nyota za ardhini ziko wapi sasa? Watu wote wamekodolea macho mbingu, na waliong'ara hapa chini hakuna anayewakumbuka.

Jibu la swali letu linaanzia hapo. Uchumi wa Japani ulikuwa umedorora tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kina baba waliolitumikia kampuni moja ujana wao wote walikuwa wanapunguzwa kazi. Jumanne usiku, kipindi kinaporushwa, wanarudi nyumbani wamechoka, wanawasha runinga, wanakutana na wimbo unaowataja wao. Watu wa rika hilo hawapangi foleni kwenye duka la muziki siku ya kwanza. Mmoja ananunua mwezi huu, mwenzake mwezi ujao, na kwa kuwa kipindi kiliendelea kila wiki, wanunuzi wapya hawakukauka. Kibao kilikaa ndani ya mia bora kwa wiki 174 mfululizo, na nakala zilizouzwa zikapita milioni moja.

Hata hivyo, kudumu kwenye mia bora hakumfikishi mtu kileleni. Kilichosukuma ni usiku wa tarehe 31 Desemba 2002. Kila mkesha wa mwaka mpya NHK hurusha Kōhaku, shindano la waimbaji wa kike dhidi ya wa kiume ambalo familia nzima hulitazama pamoja. Nakajima hakuwahi kushiriki. Mwaka huo alikubali, lakini hakwenda ukumbini Tokyo. Aliimba moja kwa moja kutoka ndani ya handaki la mradi wa umeme wa Kurobe, milimani mkoani Toyama.

Mahali hapo hapakuokotwa tu. Bwawa la Kurobe, lenye kimo cha mita 186, lilikamilika mwaka 1963, na ujenzi wake uliua watu 171. Wakati wa kuchimba handaki la kupitishia vifaa, wachimbaji walifika kwenye mwamba uliovunjikavunjika, maji ya baridi kali yakawa yanafoka, na mita 80 tu zikawachukua miezi saba. Project X ilikuwa imeshasimulia habari zao. Basi mwanamke huyo akasimama peke yake katika mradi uleule, kwenye baridi ya Desemba, akawaimbia. Ubeti wa pili aliyakosea maneno, akaendelea. Kwangu mimi kosa hilo linaufanya usiku ule uwe wa kweli zaidi.

Mwezi uliofuata kibao kikawa namba moja. Nakajima alikuwa ameshafika hapo mwaka 1977, 1981 na 1994, kwa hiyo sasa alikuwa na namba moja katika miongo minne tofauti. Na mwaka 2014 kundi la wasichana waliozaliwa miaka ya 1990, Momoiro Clover Z, lilishika nafasi hiyohiyo kwa wimbo aliowatungia yeye.