Mchezaji akikamatwa Ijumaa usiku, ligi imfanyeje?

Tuseme beki wa timu moja ya hapa Kisumu kakamatwa Kondele Ijumaa usiku, anadaiwa kumpiga mpenzi wake. Jumapili hayumo kikosini. Kufikia Jumatatu mashabiki wamegawanyika: hawa wanasema mahakama haijampata na hatia, wale wanataka afukuzwe leo hii. Watu wanaotuuliza swali hili katika kitengo chetu cha msaada wa sheria huja wameshachagua upande, nami hulazimika kuwaudhi wote.

Kifungu cha 50 cha Katiba, kinachomhesabu mtu kuwa hana hatia, kinamlinda mshtakiwa mbele ya hakimu. Hakiilazimishi ligi ingoje hukumu. Hakimu anaweza kumfunga mtu jela, kwa hiyo anadai ushahidi usioacha shaka. Ligi inaangalia tu kama yaelekea zaidi jambo lilitendeka. Ndiyo maana mwaka 2022 majopo mawili ya raia huko Texas yalikataa mchezaji Deshaun Watson, aliyelalamikiwa na wanawake kwa unyanyasaji wa kingono, ashtakiwe kwa jinai, na bado NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, ikamfungia mechi 11 na kumtoza dola milioni 5.

Lakini anayehukumu kwa ushahidi mwepesi hana budi kufuata utaratibu mzito. Hapo ndipo viongozi wa klabu zetu hujikwaa. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake kwa lugha anayoielewa, amruhusu aje na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama, kisha awasikilize wote wawili kabla ya kuamua. Hata kosa likiwa kubwa kiasi gani. Kukamatwa nako kumetajwa katika kifungu cha 44 kama sababu ya kumfukuza mtu bila notisi, ila kwa mtu aliyekaa siku 14 bila kuachiliwa kwa dhamana au vinginevyo. (Na ndiyo, mkataba wa mdomo nao unalindwa na sheria hiyo.)

Kesi ninayoirudia kila mara ni ya Ray Rice, mchezaji wa NFL. Mwaka 2014 alimpiga mchumba wake ndani ya lifti, NFL ikamfungia mechi mbili. Mbili tu! Septemba video ya ndani ya lifti ikasambaa, umma ukawaka, na ligi ikamfungia tena bila kikomo. Rice alikata rufaa. Jaji mstaafu Barbara Jones akaona kwamba Rice hakuwa ameidanganya ligi, kama ilivyodai, na kwamba ameadhibiwa mara mbili kwa kosa moja. Adhabu ya pili ikafutwa. Kwa maoni yangu aliyedhulumiwa kwanza ni yule mwanamke, pale kipigo chake kilipopimwa kwa mechi mbili. Ila dhuluma hiyo haikurekebishwa kwa kukiuka utaratibu. Huko kukiuka kuliwapa tu mawakili wa Rice ushindi.

Njia ya katikati ipo. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani huweza kumweka mchezaji kando kwa hadi siku 7 kwanza, mshahara ukiendelea, uchunguzi ukifanyika. Huko ni kumweka pembeni, si kumwadhibu. Klabu ikikata mshahara wa mchezaji kabla ya kumsikiliza, tayari imemhukumu, hata kama barua inasema "kwa muda".

Mlalamikaji naye asisahaulike. Afisa wa timu hana ruhusa ya kwenda kwao kumshawishi "mmalizane nyumbani".

Kwa mchezaji aliyefungiwa: Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki ya kudai sababu kwa maandishi. Jopo la Mizozo ya Michezo, lililoundwa chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, husikiliza rufaa pale kanuni za shirikisho zinaporuhusu, au pande zote mbili zikikubaliana kwenda huko. Ukiachishwa kazi, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ipo hapa Kisumu. Na wakikuletea barua kwa WhatsApp saa nne usiku wakitaka majibu kesho asubuhi, usinyamaze wala usipige simu kulalamika. Jibu kwa maandishi kwamba unahitaji muda na mtu wa kuja naye, kisha hifadhi nakala.