Tangazo la mirathi: la babu au la mjukuu?

Cheti cha kifo cha mzee aliyefia kijijini miaka ya themanini mara nyingi hakipatikani. Nikijenga mti wa ukoo, mimi huanzia kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, linalotoka kila Ijumaa. Tangazo moja la mirathi, mistari michache tu, hubeba jina la marehemu, makazi yake, mahali na tarehe aliyofariki, pamoja na majina ya wanaoomba mahakamani kusimamia mali yake (waombaji) na uhusiano wao naye. Sheria ya Urithi ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kabla ya hapo urithi wa Waafrika wengi uligawanywa kwa mila, kwa hiyo usimalize siku nzima kwenye matoleo ya 1965.

Matoleo mengi yameskaniwa na yanatafutika Google Books, ila kompyuta husoma vibaya: "m" hugeuka "rn", na jina lililokatwa mwishoni mwa safu halionekani kabisa. Tafuta jina moja pamoja na kijiji au lokesheni, si majina yote matatu. Kisha badilisha tahajia: Wambui na Wamboi, Waithira na Waithera.

Ukilipata tangazo, usikimbilie kuliambatisha kwa mtu kwenye mti wako. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Kamau wa Njoroge humzaa Njoroge wa Kamau, naye humzaa Kamau wa Njoroge mwingine. Babu na mjukuu wana jina lilelile, pengine na kijiji kilekile, na hapo ndipo miti mingi huharibika. Kinachowatenganisha ni mjane: linganisha jina lake kwanza, ndipo uangalie tarehe.

Tarehe nazo zina mtego. Mwaka ulio kwenye namba ya kesi ni wa kufungua kesi, na familia huweza kukaa miaka kumi au zaidi kabla ya kwenda mahakamani. Mahali pa kifo pia si lazima pawe nyumbani. Mtu wa Murang'a aliyefariki Hospitali ya Kenyatta asiandikwe kuwa mkazi wa Nairobi. Makazi hutajwa peke yake, baada ya maneno ya Kiingereza "late of" (yaani marehemu aliyekuwa wa mahali fulani).

Kwenye FamilySearch, tovuti ya kujenga miti ya ukoo, fungua ukurasa wa marehemu, nenda kwenye vyanzo, ongeza chanzo kipya. Kichwa kiwe na juzuu, namba ya toleo, tarehe, namba ya tangazo na ukurasa. Weka kiungo, halafu nakili maneno yote ya tangazo, maana viungo hufa. Weka alama kuwa chanzo hiki kinathibitisha jina na kifo tu. Kuzaliwa usikuguse, tangazo halikusema.

Waombaji wawili haina maana marehemu alikuwa na watoto wawili tu! Orodha kamili ya wajane na watoto imo kwenye fomu P&A 5, kiapo cha waombaji, ndani ya faili ya kesi, pengine pamoja na barua ya chifu. Faili iko kwenye mahakama iliyotajwa, na karani atataka namba ya kesi na mwaka wake. Waombaji walio hai waingize kama watu walio hai, ili wasionekane na wengine.

Mti wa FamilySearch ni mmoja kwa wote. Ukikuta tangazo la mjukuu limebandikwa kwa babu, litenganishe na uandike sababu kwa kutaja mjane, la sivyo mtu mwingine atalirudisha.