Kwa nini ngozi ya uso hulegea

Wengi wanaofika kliniki wakilalamikia uso kulegea huwa wameshamaliza fedha kwenye krimu za kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Inaniuma, kwa sababu molekuli ya kolajeni ni kubwa mno kupenya tabaka la juu la ngozi. Ukiipaka hubaki juujuu, ikahifadhi unyevu, basi. Kolajeni inayoshikilia uso hutengenezwa ndani, na seli ziitwazo fibroblasti.

Tangu ujana wa miaka ya 20, kolajeni hiyo hupungua kwa takriban asilimia 1 kila mwaka. Kwa mwanamke, hedhi ikikoma homoni ya estrojeni hushuka, na karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi yaweza kupotea katika miaka 5 ya mwanzo. Elastini, yaani nyuzi zinazoirudisha ngozi inapovutwa, karibu yote hutengenezwa mapema maishani. Bana kidogo ngozi ya mgongo wa kiganja, kisha uiachie: ya kijana hurudi papo hapo, ya mzee hukawia.

Ila tusiilaumu ngozi peke yake. Chini yake mafuta ya mashavuni hupungua na kushuka, na hata mifupa husinyaa: matundu ya macho hupanuka, taya la juu hurudi nyuma. Ngozi ileile sasa inafunika umbo dogo zaidi, ndipo mikunjo ya kando ya pua inapoingia ndani na nyama kuning'inia kandokando ya kidevu. Hakuna krimu inayofika huko.

Tunachoweza kukizuia zaidi ni madhara ya jua, pamoja na sigara. Mionzi ya jua iitwayo UVA hupita mawinguni na kwenye kioo cha dirisha, ikaamsha vimeng'enya vinavyokatakata kolajeni. Mwaka 2012, jarida la tiba la Marekani lilichapisha picha ya dereva wa lori wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28: shavu lake la upande wa dirishani lilikuwa na makunyanzi mazito kuliko lile jingine. Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi nyeusi, hupunguza makali hayo, haiyaondoi.

Paka kinga ya jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi kila asubuhi. Krimu za kung'arisha uso zenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, ziache kabisa. Hukondesha ngozi hata ya msichana. Tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, husaidia kolajeni mpya kutengenezwa, lakini huchukua miezi, huandikwa na daktari, na mjamzito haruhusiwi kuitumia.