"Fundi, bado kuna nafasi"

Sentensi hiyo nimeisikia tena wiki hii. Mwenye kempavani, gari la safari lenye kitanda na jiko ndani, kafungua kabati la juu, kanionyesha lilivyo tupu, na kwake huo ukawa ushahidi kwamba gari halijazidisha uzito. Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo.

Nafasi ni habari ya ujazo. Ekseli, breki na matairi vinasikia kilo tu. Chukua gari ambalo kibati chake, kile kidogo chenye vikomo vya uzito, kinasema mwisho ni kilo 3,500, yaani gari lenyewe, watu na mizigo yote. Likishafungwa kitanda, jiko, friji na betri, tuseme linapimwa tupu na kufika kilo 3,000. Zimebaki 500. Watu wazima wanne, kila mmoja kilo 75: 300 zimekwenda. Tangi la maji la lita 100 ni kilo 100 kamili. Dizeli lita 70, karibu kilo 60. Sasa una kilo 40 za chakula, nguo, viti, vyombo na mtungi wa gesi, na kabati hata moja halijaguswa! Wala usinitajie uzito wa kwenye kijitabu cha kiwandani. Turubai la pembeni, sola na betri ya pili ulivyoongeza baadaye havimo humo.

Kibati nacho husomwa vibaya. Mara nyingi namba kubwa kuliko zote ni ya gari likiwa na tela; wengi huisoma hiyo wakafurahi. Wengine hujumlisha kikomo cha ekseli ya mbele na cha nyuma, wakapata zaidi ya 3,500, wakadhani wamegundua siri. Hakuna siri. Vikomo vyote vinafanya kazi kwa pamoja, na ukivuka kimoja tu umezidisha.

Ndiyo maana unaweza kuwa chini ya 3,500 na bado ekseli ya nyuma imelemewa. Aliyewahi kuvuta mkokoteni anajua: ukirundika mzigo nyuma ya magurudumu, mikono inainuka. Baiskeli mbili na kibebeo chake, jumla kilo 60, zikining'inia mita 2 nyuma ya ekseli ya nyuma kwenye gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 4, zinaiongezea ekseli hiyo kilo 90, siyo 60. Hizo 30 za ziada zimetoka mbele, kwenye magurudumu yanayokata kona. Usukani unakuwa mwepesi, na dereva ananiambia gari "limelainika".

"Mbona linavuta vizuri?" Injini si shahidi hapa. Muulize breki kwenye mteremko mrefu.

Dawa yangu ni moja: peleka gari kwenye mizani likiwa tayari kwa safari, matangi yamejaa, kila mtu kitini, upime ekseli moja moja. Ikizidi, anza kupunguza maji. Kisha shusha vizito chini, katikati ya ekseli mbili. Mikebe ya chakula kwenye kabati la juu sitaki kuiona.

Mengine nayapitia haraka. Mifuko ya hewa inayofungwa kwenye springi haiongezi kikomo. Inainua mkia uliolala, uzito uko palepale, na kibati hakibadiliki mpaka mamlaka husika iidhinishe.

Matairi "yana meno bado". Kempavani hukaa imesimama miezi, mpira unazeeka bila kutembea. Tazama ubavuni mwa tairi msimbo unaoanza na herufi DOT, tarakimu nne za mwisho: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na tairi hilo silipandi hata kama meno yake yanang'aa. Upepo pimeni tairi likiwa baridi, kwa uzito mlioupata mizanini.

Kulala kitandani gari likitembea: hapana. Mkanda uko kwenye kiti.

Na gesi. Funga mtungi kwenye valvu yake kabla ya kuondoka, siyo swichi ya jiko pekee. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni, ndiyo sababu kuna tundu chini ya kabati la mtungi. Juzi nimechomoa tambara kwenye tundu kama hilo. Mwenye gari alisema lilikuwa linaingiza baridi.