Matarajio ya mashabiki ni nini, hasa mashujaa wa zamani wanaporudi?

Ami yangu alikulia kwenye sinema za Kihindi pale Majestic, Vuga, na mpaka leo hasemi muvi wala filamu. Yeye husema picha. Siku tuliyomkalisha mbele ya televisheni, nyumbani Michenzani, kutazama Avengers: Endgame, swali lake la kwanza lilikuwa: "Stelingi nani humu?" Wanawe wakamjibu kwa mpigo, kila mmoja na jina lake. Ami akanyamaza kuwasubiri wakubaliane, na hawakukubaliana.

Kwa swali lile ami alikuwa amegusa kiini cha jambo. Picha alizozizoea zina stelingi mmoja, na kila aliyekata tiketi anajua kuwa stelingi hafi. Muvi ya kukutanisha mashujaa ina watu ambao kila mmoja keshakuwa stelingi kwake, halafu wakaletwa mahala pamoja. Kila mmoja anakuja na mashabiki wake, na mashabiki hao wana kitu wanachokisubiri. Hicho wanachokisubiri ndicho kinachoitwa matarajio ya mashabiki.

Neno lenyewe hutumika ovyo, watu wakalichanganya na tamaa. Kutamani ni moyo wako tu, hakuhitaji sababu. Kutaraji kunahitaji dalili. Mwezi 20 wa Ramadhani hutamkuta mtu ufukweni akitafuta mwezi mwandamo, hata awe na hamu ya sikukuu kiasi gani. Mwezi 29, baada ya Magharibi, watu wamejaa macho juu. Anayesema "nataraji kesho sikukuu" amehesabu siku zake. Kwenye muvi ni hivyo hivyo: shabiki anayetaraji amehesabu, na hesabu yake imetokana na vitu alivyoonyeshwa na watengenezaji wenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa nyundo ya Thor, mmoja wa mashujaa wa kundi la Avengers. Nyundo ile hainyanyuliwi ila na anayestahiki. Katika Avengers: Age of Ultron ya 2015 mashujaa wako kwenye tafrija, wanajaribu mmoja mmoja kuinyanyua kwa mchezo. Wote wanashindwa. Zamu ya Captain America inapofika, nyundo inatikisika. Inatikisika kidogo mno, ukipepesa macho umeikosa, lakini kamera inakwenda kwa Thor, na tabasamu lake linamkauka usoni. Basi, hapo hapo mashabiki wakaandika deni. Miaka 4 baadaye, ndani ya Endgame, nyundo ikaruka na kutua mkononi mwa Captain. Sebuleni kwetu binamu yangu mdogo alipanda juu ya kochi kwa kelele. Ami, ambaye hakuiona ile tafrija ya 2015, aliuliza kuna nini. Huwezi kumweleza mtu furaha ile kwa haraka, kwa sababu nusu yake imo kwenye muvi nyingine.

Kampuni ya Marvel ilianza kupanda dalili za namna hii mwaka 2008. Iron Man ilipokwisha, baada ya majina yote kupita, mhusika aitwaye Nick Fury alimtokea Tony Stark, yaani Iron Man mwenyewe, nyumbani kwake akamtajia mpango wa Avengers, wa kuwakusanya mashujaa pamoja. Waliobaki vitini wakawa wameshaahidiwa, na ahadi ilitimizwa mwaka 2012 katika Avengers ya kwanza, mashujaa 6 waliposimama duara katikati ya New York.

Wahusika wanaorudi ni mlango mwingine, na mimi naona ndio mgumu zaidi. Chukua Spider-Man: No Way Home ya Desemba 2021. Trela yake ilimwonyesha Doctor Octopus, aliyeigizwa na Alfred Molina, na huyo alikuwa adui wa Spider-Man wa Tobey Maguire katika muvi ya 2004. Mashabiki wakapiga hesabu nyepesi: adui wa mtu kaja, mwenyewe atakosaje? Andrew Garfield, Spider-Man wa 2012 na 2014, akawa anaulizwa kwenye mahojiano na kukana kila mara. Watu hawakumsadiki, na walikuwa sahihi. Yeye na Maguire, wote wawili walikuwemo.

Lakini uso kurudi si sawa na mhusika kurudi, na hapa ndipo mashabiki wengi huumia. Mwaka 2021, katika tamthilia ya WandaVision, Evan Peters aligonga mlango kama Pietro, kaka wa Wanda, shujaa wa tamthilia hiyo. Peters alikuwa ameshamwigiza mhusika huyo huyo, Quicksilver, katika muvi za X-Men, kundi jingine la mashujaa, kwa hiyo watu wakaamini mlango kati ya dunia mbili, ya X-Men na ya Avengers, umefunguliwa. Mwishoni ikabainika kuwa ni mtu wa kawaida tu wa mji ule, jina lake Ralph Bohner. Mwaka 2024, katika Deadpool & Wolverine, Chris Evans, mwigizaji wa Captain America, alitokea, na kila mtu akadhani ni Captain huyo. Kumbe ni Johnny Storm, kijana wa moto aliyemwigiza katika muvi za Fantastic Four za 2005 na 2007, kabla hajawa Captain. Hapa pia tulidanganywa, na watu wakafurahi.

Tofauti ni nini? Kwa maoni yangu, Evans alituondolea mhusika mmoja tunayemjua akatupa mwingine tunayemjua pia. Kumbukumbu yetu ya zamani iliheshimiwa. Peters alitupa uso, akaondoka na kumbukumbu. Shabiki anakubali kabisa kushtukizwa. Asichokubali ni kuonyeshwa dalili, ahesabu sawasawa, halafu aambiwe dalili haikuwa na maana.

Kuna na jambo la nafasi. Aliyewahi kukaa kwenye usiku wa taarab analijua: ukialika waimbaji watatu wenye majina, kila mmoja ana watu wake ukumbini wenye noti mkononi, wanangoja wimbo wao waende kutuza. Ukimpa mwimbaji beti moja ukamshusha, watu wake hawatasema ngoma ilikuwa nzuri. Avengers ya kwanza ilikuwa na dakika 143 kwa mashujaa 6, wakatosha. Endgame ilifika dakika 181, na bado wako waliopita kwenye vita vya mwisho kama watu wa kwenye picha ya harusi.

Ndiyo maana Machi 2025 nilikaa na simu nikitazama viti. Marvel walitangaza waigizaji wa Avengers: Doomsday kwa kuonyesha kiti kimoja kimoja chenye jina mgongoni, tangazo la moja kwa moja lililozidi saa 5. Yalitoka majina zaidi ya 20, wakiwemo Patrick Stewart na Ian McKellen, waliokuwa kwenye X-Men tangu mwaka 2000. Muvi imepangiwa Desemba 2026. Hata ikiwa ya saa 3, ukigawa sawa kwa watu 20 kila mmoja anapata dakika 9, bila kumhesabia adui.

Na adui ni Robert Downey Jr. Alikuwa Tony Stark, akafa mbele yetu ndani ya Endgame, na sasa anarudi kama Doctor Doom. Juzi barazani, kahawa mkononi, kijana wa ami aliniapia kwamba Tony ataonekana, japo kwa dakika moja. Nikamuuliza dalili yake iko wapi. Akasema, "Si uso wenyewe ule!" Nikamkumbusha Ralph Bohner. Akanywa kahawa yake, akafikiri, akasema basi atamani tu mpaka trela itoke, ndipo ataanza kutaraji.